Mke wangu aliacha sindano ya uzazi wa mpango, mpaka leo hajashika mimba. Ni kweli sindano inakausha kizazi?

#1 Fundi wa Mtumba
Wakuu, habari za jioni. Nimekuwa msomaji humu miaka mingi, leo limenifika mwenyewe.

Mimi ni fundi ujenzi, kazi yangu iko Mtumba, hapa Dodoma. Mke wangu ana miaka 27, yuko nyumbani Kibaigwa na mtoto wetu wa miaka minne. Baada ya kujifungua alitumia sindano ya miezi mitatu, akaenda nayo miaka mitatu bila kukatisha. Ya mwisho alichoma mwezi wa nane mwaka jana. Ulipofika wa kumi na moja tukakubaliana asirudie, tutafute wa pili. Sasa ni mwezi wa tano. Miezi tisa, hakuna kitu.

Mama yangu anasema sindano imemkausha kizazi, na kwamba damu ambayo haikutoka miaka yote hiyo imeganda tumboni. Kamletea mizizi ya kuchemsha, anakunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, chungu mpaka machozi yanamtoka. Juzi kwenye simu kaniuliza, "Hivi nisipozaa tena utanirudisha kwetu?" Usiku ule sikulala.

Naomba waliopitia hili waseme ukweli.

#2 Mlenda na Ugali
Nimekaa pale. Mada nzito hii, waje wanaojua.

#3 Binti wa Kondoa
Kaka Fundi, mimi nilikaa miezi kumi na tatu. Nilitumia sindano miaka miwili tu. Miezi mitano ya kwanza sikuona siku zangu kabisa, kila wiki nanunua kipimo cha mimba duka la dawa, mstari mmoja. Kisha damu ikaja kidogo kidogo, mara wiki mbili, mara siku moja. Ilipokaa sawa, baada ya miezi mitatu nikashika. Mtoto yuko darasa la kwanza sasa. Mwambie asikate tamaa.

#4 Mama Wawili Mpwapwa
Mbona mimi niliacha nikashika baada ya miezi miwili? Tena nilikuwa sijajipanga. Nadhani inategemea damu ya mtu.

#5 Dereva wa Singida
Ndugu zangu tusidanganyane. Hizi sindano zimeletwa kutupunguza. Bibi zetu walizaa nane, kumi, hawakujua sindano. Leo binti wa miaka 25 anahangaika kutafuta mtoto mmoja. Mama yako anajua anachosema, msikilize.

#6 Nesi wa Zamu
Fundi, pole. Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto miaka mingi, swali la mama yako nimelisikia karibu kila wiki, na wanaoliuliza hawana ubaya. Wameona jambo la kweli, maelezo ndiyo yamepotoka.

Hesabu kwanza. Usihesabu kuanzia siku aliyochoma. Sindano ya mwezi wa nane ilikuwa inamkinga mpaka wa kumi na moja. Kwa hiyo mnatafuta kwa miezi sita, si tisa.

Pili, kuchelewa kupo, na Binti wa Kondoa (#3) amelieleza vizuri. Dawa ile inakaa kwenye msuli, inatoka taratibu, na kwa wengine inaendelea kutoka muda mrefu baada ya ile miezi mitatu kuisha. Kwa wastani mwanamke hushika mimba kama miezi kumi baada ya sindano ya mwisho. Wastani maana yake wapo wa miezi minne na wapo wa mwaka na nusu. Vidonge, kijiti na kitanzi havina ucheleweshaji huo, ukitoa leo unaweza kushika mwezi huohuo. Ndiyo maana mtu anayetaka kupumzika mwaka mmoja tu tunamshauri njia nyingine. Mke wako alipaswa kuambiwa hili siku ya kwanza, na kama hakuambiwa, hapo sisi wa kliniki tuna kosa.

Tatu, damu. Haikuganda popote. Kila mwezi mfuko wa uzazi hujitandika ukuta laini kusubiri mimba, isipokuja ukuta ule unabomoka, ndiyo hedhi. Sindano inafanya ukuta uwe mwembamba sana, hakuna cha kubomoka. Ni sawa na kuuliza maji ya kisima ambacho hakikuchimbwa yamekwenda wapi.

Nne, hiyo mizizi aiache. Hatujui ni mti gani wala kipimo chake, na akiwa ameshika mimba changa bila kujua, anaweza kuipoteza.

#7 Mlenda na Ugali
Huo mfano wa kisima, nesi, Mgogo yeyote anauelewa. Asante.

#8 Mzee wa Nkuhungu
Mimi nauliza upande wa pili. Kijana, wewe umepima? Au mzigo wote ni wa binti wa watu?

#9 Fundi wa Mtumba
Nesi, Mungu akubariki. Nimempigia sasa hivi nikamsomea, akanyamaza, kisha akasema "rudia hapo pa damu." Mizizi nimemwambia aweke pembeni, mama nitaongea naye mwenyewe.

Mzee Nkuhungu, shikamoo. Sijapima. Lakini si nina mtoto tayari? Nilidhani hapo nimeshajibiwa.

#10 Mzee wa Nkuhungu
Marahaba. Hata mimi nilikuwa na mtoto. Wa pili akagoma miaka minne. Mke wangu alizungushwa kila mahali, akanywa dawa za kila rangi. Mwishowe daktari mmoja akaniita mimi. Mishipa ya korodani ilikuwa imevimba, upande wa kushoto, ukigusa ni kama minyoo ndani ya mfuko. Haikuwa ikiuma, nilijua ndivyo nilivyoumbwa. Nilipasuliwa, baada ya mwaka tukapata. Miaka minne ile mke wangu alikuwa akilia kwa tatizo langu.

#11 Nesi wa Zamu
Nakazia kwa mzee. Karibu nusu ya wanandoa wanaochelewa kupata mtoto, upande wa mwanaume unahusika, peke yake au pamoja na wa mke. Kuzaa zamani si cheti. Mbegu zinatengenezwa upya muda wote, safari moja ya kutengenezwa ni kama siku 74, hivyo homa kali uliyougua mwezi wa pili unaweza kuiona kwenye kipimo cha mwezi wa tano. Na kipimo cha manii ni rahisi kuliko karibu kila kipimo cha mke.

#12 Afisa Mifugo
Nami nitupe langu. Kuna ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe na mbuzi, bruselosisi. Mtu anaupata kwa kunywa maziwa mabichi au kumzalisha mnyama kwa mikono mitupu. Homa inakuja na kuondoka, jasho la usiku, maungo yanauma, watu wanakunywa dawa ya malaria wee. Kwa mwanaume unaweza kuvimbisha korodani. Kwa mjamzito unaweza kuharibu mimba. Huku kwetu Bahi na Chamwino watu wanakunywa maziwa moja kwa moja kutoka kibuyuni. Fundi, maziwa ya nyumbani mnachemsha?

#13 Mama Wawili Mpwapwa
Afisa wewe kila mada unaileta mpaka zizini! Juzi uzi wa maumivu ya mgongo ulisema ni ng'ombe.

#14 Afisa Mifugo
Na yule wa mgongo alipima, dada. Kalitazame bandiko lake la mwisho.

#15 Fundi wa Mtumba
Maziwa tunanunua kwa jirani, mama anapenda mabichi, sisi tunachemsha. Ila mimi utotoni nilichunga, hapo siwezi kuapa.

#16 Mwalimu Ilazo
Hakuna aliyeuliza swali ninalolisubiri. Fundi, wewe uko Mtumba, mke yuko Kibaigwa. Unaenda nyumbani lini na lini? Na tarehe za hedhi za mkeo unazo?

#17 Fundi wa Mtumba
Mwalimu, kazi zetu tunalipwa mwisho wa mwezi. Naondoka tarehe 30, narudi tarehe 3. Katikati ya mwezi siendi, nauli na kazi haviruhusu.

Tarehe anazo, kaziandika kwenye kalenda ya ukutani tuliyopewa na mnunuzi wa mahindi pale sokoni, anazungushia kalamu nyekundu. Kanisomea: 4 Machi, 7 Aprili, 11 Mei. Kabla ya hapo ilikuwa ni matone tu.

#18 Chipukizi Area C
Rahisi hiyo. Siku ya hatari ni ya 14. Ukianza 4 Machi ni tarehe 17. Aende katikati ya mwezi.

#19 Mwalimu Ilazo
Chipukizi, hapo ndipo wengi wanapokosea, na wengine wamepata mimba wasizozitaka kwa hesabu hiyohiyo. Siku ya 14 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Yai huachiwa kama siku 14 *kabla* ya hedhi inayofuata. Inahesabiwa kwa kurudi nyuma.

Tazama. 4 Machi mpaka 7 Aprili ni siku 34. 7 Aprili mpaka 11 Mei ni 34 tena. Rudi nyuma siku 14: yai la kwanza kama tarehe 24 Machi, la pili kama 27 Aprili. Yai linaishi saa 12 hadi 24, mbegu zinaweza kuishi mpaka siku tano. Dirisha lake la kushika mimba basi ni 19 hadi 24 Machi, na 22 hadi 27 Aprili.

Wewe ulikuwa nyumbani 30 Machi hadi 3 Aprili. Ukaja tena 30 Aprili hadi 3 Mei. Mara zote mbili umefika wageni wameshaondoka.

Mwezi huu, kama ataendelea na 34, hedhi itakuwa 14 Juni, yai kama 31 Mei. Dirisha ni 26 hadi 31 Mei. Ukienda tarehe 30 kama kawaida yako utagusa mwishoni. Ukienda tarehe 27 utakuwa ndani.

#20 Fundi wa Mtumba
Mwalimu, nimesoma mara tatu. Nimekaa juu ya tofali hapa saiti nahesabu kwa vidole. Ina maana hatujakutana hata mara moja?

#21 Mlenda na Ugali
Mwalimu umefanya kazi ya maana leo.

#22 Nesi wa Zamu
Hesabu ya Mwalimu imekaa vizuri, ila niweke tahadhari. Mizunguko miwili ni michache, tena ya mtu ambaye homoni zake ndiyo kwanza zinarudi. Damu inaweza kutoka bila yai kuachiwa. Kwa hiyo kalenda isaidiwe na mwili wake.

Shemeji aangalie ute. Baada ya hedhi anakuwa mkavu siku kadhaa, kisha unakuja mzito mweupe, unakatika. Yai likikaribia unakuwa mwembamba na wa kuteleza kama ute mweupe wa yai la kuku bichi. Ukiuweka kati ya dole gumba na cha shahada ukavitenganisha, unavutika bila kukatika. Siku hizo ndizo. Ukigeuka mzito tena, dirisha limefungwa. Asichanganye na uchafu wenye harufu, unaowasha au wa rangi ya kijani, huo ni wa kwenda kutibiwa.

Aanze na vidonge vya foliki asidi sasa, kabla ya mimba, vinasaidia uti wa mgongo wa mtoto. Na wote wawili mpime VVU na kaswende. Ni desturi njema kwa kila anayetafuta mtoto, sisemi kuna anayeshukiwa.

#23 Binti wa UDOM
Samahani naingilia. Je, P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba? Rafiki yangu ametumia mara nne tangu mwaka uanze, sasa siku zake zimevurugika, analia kwamba hatazaa.

#24 Nesi wa Zamu
Mdogo wangu, mwambie rafiki yako apumue. P2 haiharibu kizazi. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke, ndiyo maana inafaa mapema, ndani ya saa 72, na kila saa inayopita nguvu inapungua. Yai likishatoka haina msaada, na mimba ikishatunga haiitoi. Kuvuruga siku, ndiyo, hasa ukirudia. Mara nne ndani ya miezi mitano inaonyesha anahitaji njia ya kutumia mfululizo, si ya dharura. Aende kituo chochote cha serikali, uzazi wa mpango hautozwi. Na P2 haizuii VVU wala kisonono, kondomu ndiyo inayozuia.

#25 Chipukizi Area C
Na kijiti je? Wanasema kinatembea mwilini mpaka moyoni.

#26 Mama Wawili Mpwapwa
Changu kilipotea kweli! Nilipokwenda kutolewa, zahanati moja huku kwetu wakachokonoa mkono karibu saa nzima, wakashindwa, wakanifunga bandeji wakaniambia kimeyeyuka. Nililia. Nilipofika hospitali kubwa, mama mmoja akanipapasa akasema kiko palepale, kiliingizwa chini sana tu. Wakakitafuta kwa mashine ya utrasaundi, dakika chache kimetoka. Kovu ninalo.

#27 Nesi wa Zamu
Pole mama. Kijiti hakiyeyuki. Kuhama kwenda mbali ni jambo la nadra mno. Karibu kila mara ni hicho ulichoambiwa, kimekaa ndani zaidi ya ngozi. Mtu akishindwa kukishika kwa vidole asichokonoe, akupe rufaa.

#28 Dereva wa Singida
Nimerudi. Nimesoma yote kimya tangu jana.

Nesi, #5 niliandika kwa uchungu. Mke wangu alitumia sindano, akaacha, tukakaa miaka sita bila mtoto. Mimi, mama yangu, dada zangu, wote tulisema sindano. Mwaka wa sita alipigwa picha ile ya kuingiza dawa kwenye mirija. Imeziba yote miwili. Daktari akauliza kama nimewahi kutokwa usaha. Niliwahi, safari za Kigoma, nikajitibu kwa vidonge vya dukani, nikapona, nikasahau. Yeye hakuwahi kuumwa popote. Maambukizi yalikuwa yanamla kimya.

Sijawahi kumwambia mtu yeyote. Lakini bado naamini sindano ilichangia, sijui, labda nataka iwe hivyo.

#29 Mzee wa Nkuhungu
Dereva, umesema neno kubwa mbele ya watu. Mkeo anajua?

#30 Dereva wa Singida
Alikuwepo chumbani daktari alipouliza. Hajawahi kunitaja kwa hilo hata siku moja.

#31 Nesi wa Zamu
Kaka, asante kwa kuandika. Klamidia na kisonono kwa mwanamke mara nyingi havina dalili kabisa, ndiyo ubaya wake. Na hapa nisisitize kwa wote: sindano haikingi magonjwa hayo. Mtu anaweza kutumia sindano, akaambukizwa katikati, akaacha, mimba ikagoma, lawama ikaenda kwa sindano kwa sababu ndiyo anayoikumbuka.

#32 Bibi wa Mvumi
Mbukwenyi. Mjukuu wangu ananisomea na kuniandikia. Huyo aliyesema bibi zetu walizaa kumi ni kweli, mimi nilizaa tisa. Nina wanne. Wengine niliwazika na mmoja karibu anizike mimi. Nilinyonyesha mwaka mzima na bado nilishika mimba mtoto akiwa hajatembea. Sindano ingekuwepo karibu ningeipanga foleni. Mama mkwe wa huyo binti namwelewa, anataka mjukuu. Lakini mizizi mimi niliinywa pia, sikuona ilichofanya.

#33 Binti wa Kondoa
Shikamoo bibi. Hapo pa kunyonyesha, mimi niliambiwa kunazuia mimba?

#34 Nesi wa Zamu
Marafiki, kunazuia kwa masharti matatu yakiwa pamoja: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya maziwa ya mama tu usiku na mchana, na mama hajaona hedhi. Likikosekana moja, kinga imekwisha. Bibi alinyonyesha mwaka, sharti la kwanza lilikuwa limeshavunjika.

#35 Mlenda na Ugali
Fundi, angalizo la kiume. Usije ukatafuta unga wa "kuongeza nguvu" kwenye zile meza za barabarani. Rafiki yangu wa mazoezi alijichoma homoni za kiume kujaza misuli, kupima mbegu akaambiwa sifuri. Alijiona dume kweli, kumbe homoni ya nje inauambia mwili uache kutengeneza.

#36 Fundi wa Mtumba
Wakuu, nimerudi na taarifa. Msimamizi nimemweleza ukweli, kanipa ruhusa tarehe 27 hadi tarehe 1. Mama nimeongea naye. Hajakubali kuhusu damu, ila kasema mizizi atasubiri "tuone hiyo hesabu yenu."

Na kipimo nimekwenda kuuliza maabara. Nimepewa kikombe, nimeambiwa nikae siku tatu bila kukutana na mke, nilete asubuhi tarehe 30. Sasa siku hizo tatu si ndizo zilezile za Mwalimu?

#37 Mwalimu Ilazo
Ndizo kabisa! Kikombe kisubiri.

#38 Nesi wa Zamu
Kisubiri. Kipimo kinataka kujizuia siku mbili hadi saba, kinaweza kufanyika wakati wowote wa mwezi. Yai halisubiri. Nenda nyumbani, ukirudi Dodoma tarehe 1 hesabu siku tatu, peleka tarehe 4. Ukitolea nyumbani kwako Mtumba, kibebe kwenye joto la mwili, ndani ya shati, kifike ndani ya saa moja. Usitumie kondomu wala mafuta kukusanyia.

Mkifika mwaka mzima wa kutafuta bila kupata, yaani Novemba, muende wote wawili kwa daktari wa uzazi. Angekuwa na miaka 35 ningesema miezi sita.

#39 Mama Wawili Mpwapwa
Mimi bado nasema ni damu ya mtu. Niliacha nikashika miezi miwili, hakuna hesabu wala ute.

#40 Afisa Mifugo
Ukipeleka kikombe waambie na damu wapime ile ya maziwa. Chonde, Fundi.

#41 Fundi wa Mtumba
Nitawaambia, mkuu. Mke wangu kanituma picha sasa hivi, ile kalenda ya mnunuzi wa mahindi. Kazungushia 27 hadi 31 kwa kalamu ya bluu, nyekundu kasema ameichoka. Alfajiri ya tarehe 27 napandia gari hapahapa barabarani.